Kioo Kilipohamia Dirishani

Mtaa mzima ulimwita Redio, na jina lenyewe alilipenda. Ukitaka kujua nani kaachika, nani kahama kimyakimya na nani kanenepa kwa raha za wapi, ulikwenda kusuka kwa Redio. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye benchi la wanaosubiri, na kioo kipana mbele ya kiti cha mteja. Wengine walikuja hata kama hawana cha kusuka. Walikuja kucheka.

Aliyeosha vichwa alikuwa wifi yake, mjane wa marehemu kaka yake.

"Wifi, mbona leo mkono mzito? Umekula nini?"

"Nimekula maneno yako, wifi. Yamenivimbia tumboni."

Ndivyo walivyoishi, miaka nenda rudi.

Wifi ndiye aliyeshauri kioo kihamie dirishani, kwenye mwanga, wasichana wapate kupiga picha wakimaliza. Redio akaona ni wazo zuri. Wakakibeba wawili, huku wakitaniana nani kazeeka zaidi.

Tangu siku ile saluni ikawa kama imejazwa pamba. Mteja akikaa, Redio aliona kisogo tu, na kwenye kisogo kile ulitoka mvumo, kama wa watu wanaoongea chumba cha pili. Akaamini wateja wamejifunza kunong'ona.

"Semeni kwa sauti, jamani, hapa si msibani!"

Wanapaza kidogo, kisha wanashuka tena. Mapengo akawa anayaziba kwa "ndiyo" na kwa kicheko.

Kicheko ndicho kilichomponza. Muuza vitambaa, mteja wa siku nyingi, alikuwa ameinama akisimulia jambo, mabega yanamtikisika. Redio akadhani anacheka, naye akaangua lake, lile la kujaza chumba. Benchi zima likaganda. Muuza vitambaa akageuka, uso umelowa.

"Nakwambia tumemzika mwanangu, wewe unacheka?"

Akatoka na kichwa nusu kimesukwa, nusu timutimu.

Wifi akamkimbilia. Kupitia mlangoni Redio aliwaona wamesimama barazani, wifi kamshika yule mwanamke mikono, anamweleza kitu, kisha anajigusa kichwa kwa kidole. Redio alikijua kidole kile. Ndicho watu walichokuwa wakijigusia kichwa walipomtaja mama yake, ambaye miaka yake ya mwisho aliwekwa chumba cha uani, akilishwa kwa sahani ya plastiki, na wageni wakiongea juu ya kichwa chake kama vile yeye ni meza.

Wateja walipoondoka, akamkabili wifi uso kwa uso.

"Unawatangazia watu nimechanganyikiwa."

"Wifi, nilikuwa nakuombea radhi."

"Kwa kusema sina akili! Ulianza kuniondolea kioo, sasa unaniondolea watu."

"Kioo kimeingiaje hapa?"

Hata Redio mwenyewe hakujua kimeingiaje. "Toka," akasema. "Na usirudi."

Habari hiyo haikuhitaji redio kuitangaza. Benchi likabaki na wawili, kisha na mmoja, kisha na vumbi. Redio akakaa akichana mawigi, mgongo kauelekeza mlangoni asione wanaopita bila kuingia. Usingizi ukamhama. Chakula akakiacha kikapoa. Majina ya watu aliowasuka tangu wakiwa wadogo yakaanza kumpotea, na kila lilipompotea moja alikiona chumba cha uani.

Binti yake alipokuja na kumkuta hivyo, akamburuta hospitali. Daktari akamuuliza mambo, akajibu yote vizuri. Kisha daktari akapita nyuma yake. Kimya. Redio akasubiri mpaka akachoka.

"Mbona huulizi?"

Daktari akarudi mbele. "Nimeuliza mengi, mama. Akili yako haina neno. Masikio ndiyo yamechoka. Muda wote umekuwa ukisoma midomo ya watu, na huenda hata mwenyewe hujui."

Redio akakiona kioo chake, kile cha zamani, na midomo yote iliyowahi kufunguka ndani yake.

Vifaa vya masikio vilikuwa vya kuagizwa. Yeye hakungoja. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi cherehani wa mlango wa pili, akamwomba namba mpya ya wifi, aliyekwisha kurudi kwao, mbali.

Fundi akasimamisha cherehani, akamtazama usoni.

"Si alikuja kukuaga? Alisimama hapo mlangoni kwako na mzigo wake. Alikuita, wifi, wifi, mpaka akalia. Wewe ukaendelea kuchana wigi. Akaniambia, kama hata kugeuka hataki, basi."

Redio alipiga palepale, amesimama. Simu ya wifi ilikuwa ya batani, isiyoonyesha sura.

"Wifi, ni mimi. Nisamehe."

Ukaja mvumo. Ukapanda, ukashuka, ukakatikakatika kama kilio, au kama hasira. Fundi akanyoosha mkono, "Nipe nikusikilizie," naye akatikisa kichwa akausukuma mkono ule. Kama anasamehewa au anatukanwa, hakutaka kuyapata kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Mvumo ukapanda mwishoni, kama unauliza. Kisha ukatulia, ukisubiri.

"Ndiyo," Redio akasema, kama alivyozoea.

Alibaki na simu sikioni muda mrefu. Fundi ndiye aliyemgusa bega na kumwonyesha kwamba imeshakatwa.