Amina ya Pili

Tangu afiwe na mkewe, fundi saa alifuata utaratibu wa daktari kila asubuhi: sala, glasi ya maji, kunyoosha viungo, kisha kumpigia simu bintiye.

"Umeamkaje, baba?"

"Tumeamka salama, mwanangu."

"Tumeamka? Wewe na nani? Baba, ukiendelea hivi nakuja kukuchukua, na hiyo nyumba tunaifunga!"

Fundi alijua hatanii. Kila alipomaliza sala chumbani, sauti ya mkewe iliitikia "Amina" pamoja naye. Akihamishwa, ataisikia wapi tena?

"Ulimi umeteleza tu, mama," alisema. "Nimeamka salama. Niko peke yangu."

Nyuma yake kitanda kililia taratibu, kana kwamba mtu aliyeumizwa moyo anageukia ukutani.