Malisho ya Uvimbe

Rahmo alisikia baridi saa nane mchana, Garissa, mwezi wa Februari, jua likichoma mabati. Alikuwa amejifunika shuka mbili. Miaka kumi nyuma, mwaka 1986, alikatwa tezi ya shingo kule Nairobi, na tangu hapo kidonge kimoja cha homoni ya tezi kila asubuhi ndicho kilichomweka kwenye kibanda chake cha maziwa ya ngamia, akibishana na wateja mpaka wakome.

Mwezi mmoja kabla ya baridi hiyo aliona damu chooni. Daktari akapima, akamwambia yeye na mumewe Korane bila kuzungusha: ni saratani ya utumbo mpana, itakatwa Februari. Korane akauliza kama kile kidonge kinahusika. Daktari, mkweli kupita kiasi, akajibu kwamba homoni ya tezi huziamuru seli zikue. Kama inaichochea saratani hii, watafiti bado wanaulizana, kwa hiyo mama asiache kumeza. Korane alishika nusu ya kwanza. Nusu ya pili aliiacha hospitalini.

Ni mfugaji, na mfugaji kupe wakizidi mahali huhamisha mifugo, kupe wakabaki wakifa njaa. Basi alivichukua vidonge akavificha. Uvimbe ushinde njaa, alisema. Rahmo aliogopa kufa, na hofu ikamfanya akubali.

Uvimbe haukujua njaa. Aliyeijua ni Rahmo: baridi ikamkaa mwilini, uso ukamvimba, sauti ikakwaruza, akawa anasahau majina ya wateja wa miaka minane. Siku ya upasuaji daktari alimtazama mara moja tu, akaahirisha. Kwa hali hii, alisema, dawa ya usingizi ikiingia huenda usiamke. Wiki sita za vidonge kwanza, na wiki zote hizo saratani itaendelea kukua.

Korane akasema basi, hatii tena sahihi ya upasuaji. Watakwenda Bura kwa mzee anayechoma tumbo kwa chuma cha moto; amemponyeshea ngamia wawili.

Hasira ilimpanda Rahmo, na ilimpa joto kuliko shuka zote mbili.

“Mimi si ngamia, Baba Nuh,” alimwambia mumewe kwa Kisomali. “Na kupe huyu hali kidonge. Ananila mimi.”

Alivitaka vidonge vyake, akapewa. Kila asubuhi alimeza mbele ya wateja, na aliyeuliza aliambiwa kila kitu: saratani, utumbo, mpaka huko mnakoona haya kukutaja. Wanawake walijifunika nyuso kwa mitandio, halafu wawili wakarudi kwa siri kumuuliza kuhusu damu zao. Aliwatuma hospitali, tena kwa ukali. Korane alikunywa chai yake.

Wiki ya saba muuguzi alileta fomu ya ridhaa. Korane alisimama mikono nyuma. Rahmo akachovya kidole gumba kwenye wino, akakigandamiza chini ya karatasi.

“Mama, hapo ni pa mume,” muuguzi alisema.

“Najua. Lakini tumbo ni langu. Andika Rahmo.”

Muuguzi akaandika. Rahmo akamgeukia mumewe.

“Bura ni pale. Nenda ukachomwe wewe.”

Korane hakwenda. Aliketi sakafuni kando ya mlango, kofia mkononi, akimwangalia mkewe akiingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake mwenyewe, Rahmo akiogopa sana, wala asigeuke nyuma.