Nafasi Haiko Wazi

Jumatatu asubuhi fundi wa kompyuta wa hospitali alifuta vumbi kwenye seva ya mafaili, akasogeza kikombe chake cha chai mbali na nyaya, akafungua agizo kutoka makao makuu. Agizo lilikuwa fupi. Seva zote ziache kupokea toleo la kwanza la itifaki ya mafaili, ile lugha ya kompyuta kupeana mafaili, maana limezeeka, na wezi wa mitandaoni wanalipenya kama maji kwenye pakacha. Zianzie toleo la pili kwenda juu.

Kazi yenyewe haikuwa mlima. Kompyuta ikitaka faili kwa seva, kwanza husalimiana nayo. Kila moja hutaja matoleo inayoyajua, kisha huzungumza kwa lile la juu kabisa zinalolijua zote mbili. Ukipandisha kiwango cha chini kwenye seva, anayejua la zamani tu atabisha hodi mpaka achoke. Fundi alipekua kumbukumbu za seva aone ni nani bado anabisha kwa toleo la kwanza. Ilikuwa mashine moja tu, ya chumba cha eksirei.

Mashine hiyo iliendeshwa na dada yake.

Dada alikuwa amefariki mwaka uliopita, mvua zilipoanza. Alipiga picha za eksirei tangu usichana wake, amevaa aproni ya madini ya risasi ya kukinga mionzi, iliyopasuka ubavuni, na kila alipoomba nyingine aliambiwa asubiri. Subira huvuta heri. Yake ilivuta saratani ya damu. Walimzika Ijumaa. Jumatatu dada alikuwa kazini kama kawaida.

Hakuna aliyepiga kelele. Wagonjwa walisema chumba kinanuka mvua, na mfagizi alinung'unika juu ya udongo kwenye korido. Mkurugenzi alimfuta kwenye malipo, kwa kuwa marehemu hana mshahara, ila kwenye zamu akamwacha. Fundi alipomsihi aajiri mtu mwingine, alijibiwa kwa upole, "Nafasi haiko wazi. Kila asubuhi kiti kina mtu."

Mchana fundi alimkuta dada ameketi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, anakung'uta viatu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona uso umekusawijika?"

Akamweleza. Dada alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nikipiga picha haitafika?"

"Haitafika popote. Itafia humo humo kwenye mashine yako."

"Basi funga." Akavaa kiatu kimoja. "Kinachoniamsha ni kazi yangu kupokelewa. Ikikosa wa kuipokea, nami nitalala. Wenzangu kule wote wamelala, ni mimi tu napanda na kushuka kama ndoo ya kisimani. Na mama naye umhurumie. Kila siku anakuta kaburi limefumuka, analisawazisha kwa jembe kama anamtandikia mtoto mvivu."

Fundi alimsogezea kiatu cha pili. Alikuwa na mazoea ya kupita mlangoni pa chumba cha eksirei bila shughuli yoyote, asikie tu sauti ikiita, "Anayefuata!" Kufunga toleo la kwanza kulikuwa kumzika dada mara ya pili, na safari hii hapakuwa na majirani wa kushika majembe. Alikuwa peke yake.

Alasiri alibadilisha mstari mmoja kwenye mipangilio, akaiwasha seva upya.

Kesho yake kiti kilikuwa kitupu. Mama alikwenda makaburini, akakuta udongo umetulia. Akarudi na jembe begani, akalala mchana, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba. "Kalala," alimwambia fundi jioni. "Mwanangu kalala." Waliketi jikoni wakalia kwa utulivu, kama watu waliofiwa jana.

Wiki haikwisha, benchi la eksirei likafurika. Mwashi mmoja aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa alikaa ameshika mbavu. Mama mmoja alimleta binti yake mdogo, mkono umepinda chini ya kiwiko, akaambiwa ampeleke hospitali kuu, mwendo wa kutwa. Akauliza ampeleke kwa usafiri gani. Akaketi benchini na binti yake.

Mkurugenzi alimwita fundi ofisini. "Agizo linatoa ruhusa ya pekee?"

"Linatoa, kwa mashine moja ikitengwa na nyingine. Nitaweka seva ndogo katikati, ipokee toleo la kwanza kutoka kwa mashine ile tu."

"Basi weka."

"Bosi, yule ni dada yangu. Tafuta mpiga picha aliye hai. Na mashine mpya."

"Nimekusikia, tutaliingiza kwenye bajeti." Mkurugenzi alichungulia dirishani, akaliona benchi. "Lakini yule mtoto kavunjika leo."

Fundi alitoka ofisini. Alipita mbele ya benchi. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Aliushika mkono wake kama kitu alichokabidhiwa na mtu mwingine. Fundi akaingia chumbani kwake, akaiunganisha seva ndogo, akaandika: toleo la kwanza, kutoka mashine hii, na si nyingine. Mashine ya eksirei ikatoa salamu. Ikaitikiwa.

Muda si mrefu dada alitokea kwenye korido, vizizi vya nyasi kwenye nywele, anafunga vifungo vya sare. Alisimama mbele ya mdogo wake.

"Umefungua."

"Nimefungua, dada. Kuna mtoto."

"Nimemwona."

Hakumlaumu, wala hakumwambia kwamba amemsamehe. Alinawa kwa maji ya moto, akaiacha mikono humo muda mrefu ili mtoto asishtushwe na ubaridi wake, kisha akamlaza mezani na kumpiga picha. Ilifika kwenye seva safi kabisa, mifupa miwili, yote imevunjika. Daktari akaanza kukoroga plasta.

Dada alitoa kichwa mlangoni. Fundi alikuwa bado amesimama pale pale.

"Mama anajua?"

"Bado."

"Usimwambie leo. Mwache alale."

Akamwita mwashi, akamwonyesha mahali pa kuegemeza kifua, akafunga mlango.