Sebule Iliyoondolewa Viti

Daktari wa hospitali ya Mansa alinipa agizo moja tu: moyo wa mke wangu Orpha usishtuliwe, si kwa furaha wala kwa msiba. Baada ya wiki sita hospitalini alikuwa akirudi kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, siku ile, kwa gari, pamoja na kaka yake Félix, nami nilimtarajia saa sita mchana.

Nilikuwa nimemwahidi sebule. Kwa miaka mingi chumba kile kilijazwa na hisani za ndugu: sofa tano za mahameli mekundu, maua ya plastiki, vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu chenye mgongo, kalenda za miaka iliyokwisha kupita. Orpha hakuwahi kulalamika mbele yao. Lakini akiwa kitandani hospitalini aliniambia kwamba alitamani kuta nyeupe, mkeka mmoja, meza ya mninga na dirisha lisilozibwa, ili aone ziwa kabla ya kuona kitu kingine chochote. Nilimwelewa. Chumba chenye vitu vichache vilivyotengenezwa vyema hakiombi kusifiwa, na wajukuu wakikirithi hawatakionea haya.

Saa mbili asubuhi mimi na Dédé, mpaka rangi kutoka makazi ya wakimbizi ya Mantapala, tulitoa kila kitu mbele ya nyumba, tukashusha mapazia, tukaanza kupaka chokaa. Sikufikiri zaidi ya hapo, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Katika ufuko huu wote, kwa Wabemba na kwetu Wakongo, sofa hutolewa nje na mapazia hushushwa kwa sababu moja tu: nyumba imefiwa. Wanawake huketi sakafuni ndani, wanaume huwasha moto nje.

Wabeba samaki wa kijiji cha Kabuta hupita mbele ya lango letu kwa baiskeli. Walipita, wakatazama sofa, wakatazama dirisha tupu, wakapunguza mwendo. Wote walijua kwamba Orpha alikuwa mgonjwa.

Saa nne nilisikia kilio kikipanda kutoka barabarani. Mujinga, dada mkubwa wa Orpha, aliingia bila viatu, kitambaa cheusi kichwani, akaketi chini katikati ya sebule. Nyuma yake walikuja wanawake wa kanisani, kumi na wawili, mmoja na gunia la makaa, mwingine na sufuria kubwa. Jirani yetu Mzambia, Febby, alikuwa ameshaanzisha wimbo wa maziko kwa Kibemba.

Niliwaambia kwa sauti ya kawaida kwamba Orpha yu hai na yuko njiani. Wimbo haukukoma. Nikarudia. Mujinga akainua uso.

"Mulamu," akasema, na kwetu ndivyo shemeji anavyoitwa, "siku Orpha alianguka ulituambia nini? Ulisema anapumuzika. Siku sita tulikuwa tunapika na kucheka, kumbe yeye eko na mashini ku pua. Leo anapumuzika tena?"

Nilikuwa nimesema hivyo kweli, na wakati ule nilijivunia kwamba neno lile halikuwa uongo.

Nilimpigia Félix. Hakupatikana, njia ile ina sehemu nyingi zisizo na mtandao. Nilipiga mara saba, na kila mara wanawake walinitazama kama mtu anayeigiza. Ikawa saa tano na nusu. Niliwaza kwenda kulizuia gari barabarani, lakini mume anayesimama njiani kumngoja mgonjwa wake ameshampa habari kabla ya kufungua kinywa. Niliwaza kuwafukuza. Anayewafukuza waombolezaji huanza kushukiwa juu ya kifo chenyewe.

Kilikuwapo kitu kimoja tu ambacho wangekiamini kuliko maneno yangu, nacho kilikuwa nje juani.

"Dédé," nikasema, "shika upande ule."

"Patron, chokaa haiyakauka. Ukuta itaharibika."

"Shika."

Tuliingiza sofa ya kwanza. Mlango ulikuwa mwembamba. Mbao za sofa zikachimba ukuta mbichi, na mahameli yakashika weupe. Tukaingiza ya pili, kisha ya tatu. Wanawake wakalazimika kuvuta miguu, halafu kusimama. Wimbo ukakatika kipande kwa kipande, kwa maana hakuna aliyewahi kulia msiba katikati ya sofa. Mujinga peke yake alibaki chini, akinitazama nikihema na kutokwa jasho, mikono imejaa chokaa hadi kwenye viwiko. Nadhani ni hapo alipoanza kusadiki. Alivua kile kitambaa cheusi, akakificha kifuani.

Honi ikalia langoni.

Haukuwapo muda wa kuficha makaa, sufuria, wala macho mekundu ya wanawake kumi na wawili. Orpha aliingia polepole, mkono wake begani mwa Félix. Alitazama sofa zilizochafuka, kuta zilizochubuka, kisha nyuso. Mwenyewe alikuwa ameketi sakafuni katika sebule nyingi za msiba. Niliona mshipa wa shingo yake ukipiga.

"Nani amekufa?"

Mujinga ndiye aliyejibu. Alisema kwamba hakuna mtu, kwamba wamekuja kumpangia nyumba, na kwamba moshi wa makaa ndio uliowaliza. Makaa yenyewe yalikuwa bado guniani. Orpha hakumtazama. Aligeuka kwangu, kwa sababu katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwambia neno lisilo la kweli.

"Papa Ben," akasema, akiniita kwa jina la kifungua mimba wetu, "ni kweli?"

Mshipa ulikuwa bado unapiga.

"Ni kweli," nikasema. "Wamekuja kupanga nyumba."

Najua hakuniamini. Lakini aliliachia bega la kaka yake, akasimama peke yake.

"Basi bapange. Sasa hizi viti munaniingizia za nini? Mutoe yote."

Hakuna aliyesogea. Kuitoa samani ya mwanamke yule, mbele ya macho yake, siku ile, ni kazi ambayo mikono yao iliikataa. Febby alirudi nyuma hadi mlangoni. Orpha aliwatazama mmoja mmoja, na nikajua kwamba sasa ameelewa yote. Kisha akavuta kigoda ambacho Dédé alikuwa akisimama juu yake wakati wa kupaka, akakiweka kwenye mwanga wa dirisha, akaketi, mgongo umenyooka.

"Hii moja ibakie," akasema. "Mi niko juu yake."

Mujinga akainama, akashika sofa kubwa upande mmoja. Nami nikashika wa pili.