Mshumaa Mwekundu wa Mtihani wa Kemia

Wahispania walijenga ile ngome ya mji wetu wa Zamboanga ili watu wasiingie. Mwalimu Macrohon wa historia aliitumia ili watu wasitoke. Kila mwaka, sikukuu ya Bibi wa Pilar, Mama wa Mungu mlinzi wa mji wetu, inapokaribia, sisi wa bweni hupelekwa pale, tukakusanywa uani juani, tukaelezwa upya jinsi maharamia walivyotwangwa kwa mizinga, mpaka mtu anaanza kuwahurumia maharamia.

Mwaka huu Wilmar Bucoy hakuwa na huruma ya kugawa. Alikuwa amefeli kemia, na mtihani wa marudio ulikuwa mwisho wa mwezi. Baba yake alishatamka: akifeli tena, shule basi, anakwenda kiwandani kukata vichwa vya dagaa wa kopo. Wilmar hakuogopa dagaa. Aliogopa mjomba wake, msimamizi wa kiwanda, ambaye huimba tangu alfajiri na kudai wafanyakazi waitikie.

"Dencio," akaninong'oneza, "lazima nifike ukutani."

Ukutani maana yake ni upande wa nje, mashariki, ambako sanamu ya Bibi imekaa juu ya mlango wa zamani uliozibwa, na watu huwasha mishumaa chini yake. Kila rangi na ombi lake: kijani ni ya mitihani, bluu ya kazi, nyekundu ya mapenzi. Mtoto wa Zamboanga huzijua rangi hizi kabla hajajua kuhesabu. Wilmar naye alizijua vizuri, ila macho yake hayajawahi kutofautisha kijani na nyekundu. Siku ya michezo huvaa fulana ya wapinzani, kisha analalamika kwamba hapewi pasi.

"Nitakuja kukuonyesha rangi," nikamwambia.

"Apa."

"Naapa kwa heshima ya bweni letu."

Bweni letu halina heshima yoyote, lakini haraka ilimzuia kuliwaza hilo. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, ni kweli kwamba ngome ya Cebu ni kubwa kuliko yetu?"

Mwalimu Macrohon alijishika kifuani. Akafumba macho, kama anavyofanya akitaka kukumbuka vipimo vyote, akaanza kujibu. Wilmar akachomoka. Nami nikafuata, lakini nilikawia kidogo langoni kumpisha mtawa mmoja, na nilipofika kwenye meza ya mishumaa Wilmar alikuwa ameshalipa. Mkononi alishika mshumaa mwekundu kama mchuzi wa pilipili wa satti, mishikaki ya kwetu.

Kwa heshima ya ibada, sikumkatiza.

Nana Pasing, muuzaji, alikuwa ameshika msumari wa kuchorea jina kwenye nta. "Unamwombea nani, mwanangu?"

"Mwalimu Saavedra. Wa kemia."

Msumari ukasimama hewani. "Mwalimu? Ana umri gani?"

"Sijui, Nana. Kama mama yangu hivi."

Nana Pasing akafanya ishara ya msalaba. "Na yeye anajua?"

"Anajua sana. Juzi alinikataa mbele ya darasa zima."

"Maskini! Na bado hujakata tamaa?"

"Nikikata tamaa, baba atanipeleka kiwandani."

"Kumbe na baba anajua!" Akawageukia wauzaji wenzake. "Jamani, acheni mishumaa, njooni msikie huyu!"

Wakaja wote, na miavuli yao.

"Sasa unataka nini hasa kwake?" akauliza mmoja.

"Alegeze moyo kidogo tu," Wilmar akasema kwa unyonge. "Alama sabini na tano zinanitosha. Mia sizitaki."

"Hata si mlafi," akasema Nana Pasing, machozi yakimlenga. Akachora jina kwa herufi kubwa.

Wilmar aliuwasha mshumaa na kuusimika mbele kabisa. Papo hapo tukasikia sauti ikitoka langoni: "Bucoy! Atilano!" Atilano ni mimi; nilijitupa nyuma ya meza. Wilmar aliingia kati ya sketi na miavuli, vikabaki kuonekana viatu tu.

Mwalimu Macrohon alifika akihema, akavua kofia, akasimama mbele ya mishumaa kujifuta jasho. Ana miaka hamsini na hana mke. Na kutoka upande wa pili, akitutafuta sisi hao hao, akatokea Mwalimu Saavedra mwenyewe, aliyekuja nasi kusaidia kutulinda, na ambaye tulimwona akitabasamu mara moja tu, siku chupa ya maabara ilipolipuka kama alivyotabiri.

Alitazama mshumaa. Alisoma. Akamtazama mwanamume pekee aliyekuwa hapo.

"Mwalimu Macrohon. Hili ni jina langu."

Mwalimu Macrohon ni mtu wa kusema kweli. Ukikosea mwaka wa vita, anakukata alama na kukununia. Akainama kusoma, akainuka, akafungua mdomo. Ndipo akaviona viatu vya shule vya Wilmar chini ya mwavuli. Neno moja tu, na Wilmar angeanza kuitikia nyimbo za mjomba.

Hata Nana Pasing aliacha kuuza, na nimeambiwa haijawahi kutokea.

"Nilitaka mkubwa zaidi," Mwalimu Macrohon akasema, "lakini yote iliyobaki ilikuwa midogo."

Wauzaji wakapiga makofi. Mwalimu Saavedra aliukazia macho ule moto. "Unatoa moshi mwingi," akasema. "Nta yake si safi." Kisha akaukinga kwa kiganja, maana upepo wa bahari ulikuwa unauelekea.

Kwenye basi Mwalimu Macrohon alimwita Wilmar mbele. Nikajisogeza nisikie.

"Bucoy, umenisukumia mahali ambapo peke yangu nisingethubutu kwenda."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Sikusamehe. Nahitaji sababu ya kuwa maabara kila jioni. Sababu ni wewe."

Ndivyo Wilmar alivyofundishwa kemia kila jioni, akilindwa na mwalimu wa historia aliyekaa pembeni na sahani ya vitumbua, nywele zimepakwa mafuta. Akielewa haraka, kikohozi kilisikika.

"Mweleze tena, Mwalimu Saavedra. Hajaelewa."

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Hujaelewa, Bucoy."

Kwa namna hiyo alielewa mpaka mambo ambayo kitabu kiliyaogopa. Mwisho wa mwezi alipata alama tisini na nne. Baba yake alilia kwenye simu, na habari za kiwanda zikaisha.

Mwalimu Macrohon pekee ndiye aliyehuzunika. Alisoma karatasi ile mara mbili, akaikunja, akauliza bwenini kwa sauti ya chini kama hakuna mwingine mwenye matatizo ya kemia. Bweni zima likanitazama mimi.

"Mimi nina themanini na moja, Mwalimu," nikamwambia.

Alinishika bega kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake.

"Zinaweza kushuka, Atilano," akasema.