Mstari wa Tatu wa Tangazo

Tangazo la faragha la chuo chetu nimeliandika mimi, Tabia wa masjala, na sioni haya kujisifu. Rasimu niliyoletewa ilikuwa na kurasa tisa, na sikumpata mwanafunzi hata mmoja aliyefika ukurasa wa pili. Nikaiweka kando, nikaandika ukurasa mmoja: taarifa zako tulizonazo, tunazihifadhia nini, nani anaruhusiwa kuziona. Mstari wa tatu ulisema: "Akija mtu kukuulizia, awe ndugu, jirani au mchumba, hatutamwambia kitu mpaka wewe mwenyewe uturuhusu."

Mkuu wangu, mtu wa Dar, alilicheka hilo neno mchumba. Hajui kwamba huku kwetu Bagamoyo kabla ya posa watu huulizia kwanza, na aliyesoma huuliziwa chuoni.

Tangazo halijamaliza hata wiki ukutani, akaingia Bi Miza mwenye duka la vitambaa. Mama yangu alipolala kitandani miezi minne, ni yeye aliyeleta uji kila asubuhi, na alipofariki ni yeye aliyemwosha. Akaketi mbele yangu, akavua viatu kama yuko kwake.

"Shikamoo, Bi Miza."

"Marahaba, mwanangu. Hamood wangu anataka kuoa. Binti wa kijijini Fukayosi, Rukaya, kasoma hapa. Watu wanasema alitoweka chuoni mwaka mzima. Alikuwa wapi?"

Jalada la Rukaya lilikuwa kabatini nyuma yangu. Mwaka ule aliahirisha masomo, na ndani mna barua inayoeleza kwa nini. Naijua neno kwa neno. Wewe unayesoma hapa nawe usisubiri, sikwambii. Nakwambia hili tu: barua ile ikifika sebuleni kwa Bi Miza, posa imekufa, na binti wa watu hakufanya kosa lolote.

"Siwezi kukwambia, mama."

"Huwezi, au hutaki?"

Nikamwonyesha tangazo. Akausoma mstari wa tatu, akasonya.

"Maneno haya ya ukutani ndiyo yaliyomwosha mama yako?"

Mimi huyu, ambaye madereva wa bajaji wananiogopa kwa mdomo, niliinamisha uso. Machozi yalinijaa. Kabati sikulifungua. Alitoka akauacha mlango wazi, nami nikabaki najiona mtovu wa fadhila kuliko wote waliopata kuletewa uji na jirani.

Siku tatu hakuitikia salamu yangu. Siku ya nne akarudi masjala. Safari hii alifunga mlango kwanza, na hakuketi.

"Tabia, Hamood naye si alisoma hapa?"

"Alisoma."

"Ana jalada?"

"Kila mwanafunzi analo, mama."

"Wazee wa Fukayosi nao wanaulizia. Jana wametuma mtu mpaka dukani kwa jirani yangu. Sasa wakija hapa..."

Hakumaliza. Miaka yote niliyomjua, Bi Miza ni mtu wa kutoa; kuomba sikuwahi kumwona. Jalada la Hamood nalo nalijua. Nalo pia sikwambii.

Nilinyoosha kidole ukutani. Akasogea, akausoma tena mstari wa tatu, polepole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akashika ukingo wa meza yangu, akashusha pumzi.

"Umeandika vizuri, mwanangu," akasema. "Vizuri sana. Allah akulipe kheri."

Niliitikia amina kwa furaha. Nilikuwa nimempoteza mama wa pili, na sasa nimerudishiwa.

"Posa tunapeleka Ijumaa," akaendelea. "Huko alikokuwa mwaka ule, atamwambia mumewe akipenda."

Kisha akavuta kiti, akaketi, akavua viatu.