Sifuri ya Mezani

Fundi Unywele alipata jina hilo kwa sababu mlango wake ukiacha mwanya wa unywele mmoja, aliung'oa akaanza upya. Siku hizi mkono wake wa kulia ulitetemeka hata kwa penseli, na kazi zote alizifanya kwa mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Watu aliwaambia ameileta ili kuharakisha kazi. Methali ya mficha maradhi aliijua vizuri, ila aliona imetungwa kwa ajili ya wengine.

Wiki hiyo kompyuta ya zamani ilikata roho, ikaondoka na programu yake. Na dada yake alikuwa ameshaleta ubao: ule wa kichwani pa kitanda alicholalia mama yao miaka sita ya mwisho, akinyweshwa chai kwa kijiko. Hakuna kingine cha mama kilichobaki. Dada aliutaka uchongwe maua, uwekwe kwenye kitanda cha bintiye anayeolewa Jumamosi.

"Uchonge wewe, mdogo wangu. Simpi mtu mwingine."

Unywele alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Programu ya kwanza haikuelewana na mashine kabisa. Ya pili ilidai mtandao kila dakika, na mtandao katika karakana ile ulikuwa hadithi. Ya tatu ilikubali. Akaijaribu hewani kwanza, bila ubao, kisu kikiwa shubiri moja juu ya meza. Kikazunguka ua zima, petali kwa petali, naye alitaka kulia kwa furaha.

Kisha akafunga ubao na kupanga sifuri, yaani mahali mashine inapoanzia kuhesabu kina. Mbao zake hazikulingana unene, kwa hiyo siku zote alipanga sifuri mezani, chini ya ubao, na programu ya zamani ilihesabu hivyo hivyo. Hii mpya ilihesabu kuanzia juu, usoni pa ubao. Iliandikwa kwenye skrini, kwa herufi ndogo, pembeni. Hakusoma.

Kisu kilizama ubao mzima mpaka kikaila meza. Alirukia kitufe chekundu cha kuzima. Mkono ukakikosa mara mbili. Mashine iliponyamaza, katikati ya ubao palikuwa na mpasuko wa kupitisha vidole vinne.

Dada, aliyekuja kutazama kazi, alikuwa amesimama mlangoni.

"Nitaziba," Unywele alisema, akinyakua patasi. "Nipe mpaka kesho, dada. Hutaona hata alama. Nitaziba."

Patasi ilikuwa ikigonga ukingo wa meza, ko, ko, ko, wala hakuwa akiigongesha. Dada aliacha kuutazama ubao. Akaitoa patasi, akaubana ule mkono katikati ya viganja vyake, nao ukaendelea kutetemeka humo humo.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Ni baridi tu."

"Mama naye alisema ni baridi," dada akajibu, akaketi kwenye vumbi la mbao bila kuuachia.